Mkono Juu ya Kana

Nahodha Mbaruku amekufa, na wamemzika vizuri. Nilikwenda. Nilikaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake hapa Ujiji, nikanywa kahawa yao, nikawasikiliza watu waliozaliwa juzi wakimsifu. Mmoja alisema marehemu alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Mwingine akasema hajawahi kumwinulia mtu mkono. Nikacheka. Mjukuu wake, kijana mwenye adabu, akaniinamia akasema, "Shikamoo babu. Mbona unacheka msibani?" Nikamjibu, "Marahaba. Babu yako mkono aliuinua sana, mpaka alipovunjwa vidole." Wazee wenzangu wakanitazama kana kwamba nimetema mate msikitini. Nikainuka nikaondoka, si kwa aibu, ila kwa sababu msiba haukuwa wangu. Sasa niko kwangu. Shule niliiachia darasa la pili, na haya naandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa. Asiyeupenda mwandiko wangu akasome wa mwingine. Habari za wazazi wangu sitaziandika. Walikuwepo, wakanilisha, basi. Ninachotaka kusema ni mwaka mmoja tu, ule wa wakimbizi wa kwanza, walipoanza kushuka kutoka Burundi kwa mitumbwi, miaka ya sabini ikiwa bado michanga.

Mwaka ule nilikuwa baharia wa Mbaruku, na nililala kwenye stoo yake, chumba kisicho na dirisha, pamoja na madebe ya mawese, magunia ya dagaa na Shabani. Shabani alikuwa baharia mwenzangu, mkubwa kwangu kidogo, mtu ambaye mdomo wake haukujua kulala. Jioni mke wa Nahodha alileta ugali wa muhogo na samaki, mgebuka wa kukaanga. Nahodha alikula kwanza, peke yake, sisi tumechuchumaa tunamtazama. Akishiba alilisukuma sinia kwa mguu lije kwetu. Ukitazama vibaya unapigwa. Ukiacha kutazama unaulizwa unanuna nini, kisha unapigwa. Alitupiga kwa kipande cha kamba ya kuvutia tanga, na kabla ya kupiga aliiloweka ziwani ili ishike mwili. Siku moja Shabani alirudi stooni mgongo umechanika, akalala kifudifudi juu ya magunia, akaniambia, "Hamisi, leo kanipiga na kamba mpya. Naona siku hizi ananiheshimu." Tulicheka mpaka mke wa Nahodha akagonga ukuta. Leo vijana wananiuliza kwa nini hatukuondoka. Uende wapi? Chombo kilikuwa chake, na mtu asiye na chombo ufukoni ni kama mbwa wa sokoni, anakula kinachoanguka.

Ilikuwa mashua ndogo ya mbao, mlingoti mmoja, tanga moja lenye viraka vya magunia ya unga. Tulipakia chumvi na sabuni Ujiji, tukapita Kigoma, tukaufuata ufuko kwenda kaskazini hadi Mwamgongo, tukarudi na dagaa na mawese. Niseme ukweli: pamoja na kamba ile, nilikuwa na raha. Asubuhi upepo unashuka milimani, baridi, unakusukuma nje taratibu, maji yanazungumza chini ya mbao na hakuna kelele nyingine duniani. Mchana unageuka, unatoka ng'ambo, upande wa Kongo, na ukizubaa unakutupa kwenye mawe ya Gombe. Huko Gombe tulikuwa tukivuta mashua mchangani tupike, na nyani walishuka kutusubiri kama wageni walioalikwa. Nyani mmoja dume alimnyang'anya Nahodha samaki mkononi, akamwonyesha meno. Nahodha akatugeukia sisi akatupiga. Watu wa maboti ya injini hawajui ziwa. Wanajua bei ya mafuta.

Kisha ng'ambo ya mpaka watu wakaanza kuuana, na ziwa likatuletea habari kabla ya redio. Ilikuja mitumbwi iliyojaa mpaka maji yakibaki kidole kimoja kuingia, wanawake wanakumba maji kwa masufuria. Zilikuja maiti zimevimba, zikagonga mbao zetu kama mtu anayebisha hodi. Na vilikuja vyombo vitupu. Sasa elewa jambo moja, maana bila hilo hutaelewa lolote. Sheria ya chombo kinachoelea haikuandikwa popote, lakini kila mtu wa ufuko huu aliijua. Ukikikuta kitupu ni chako. Lakini akiwemo mtu hai, na mkono wake uko juu ya kana, ule mti wa kugeuzia usukani, basi chombo ni chake hata awe amebakiza pumzi moja. Wewe unamfikisha nchi kavu, wazee wanaushuhudia mkono, unapewa chakula, unakwenda zako. Na kikishashuhudiwa kimekuwa na mwenyewe. Hakiokotwi tena mpaka ijulikane kwamba mwenyewe amekufa. Ilikuwa sheria nzuri wakati ajali zilikuwa za upepo. Mwaka ule iliwatia watu wazimu. Wapo waliowabeba wakimbizi migongoni na kuwapa uji wa watoto wao. Wapo pia waliokesha ufukoni wakisubiri mbao. Pale Mwamgongo nilimwona mtu na shemeji yake wakigombea mtumbwi mmoja mtupu, wakapigana kwa makafi ndani ya maji mpaka mmoja akatoka jicho, na walipotulia mtumbwi ulikuwa umeshapelekwa na mawimbi, kadoa keusi huko upande wa Kongo.

Asubuhi tuliyomkuta Butoyi tulikuwa mbele kidogo ya Mwamgongo. Shabani ndiye aliyeiona mashua, tanga limeanguka nusu, inajizungusha. Ilikuwa nzuri. Nimemiliki vyombo vingi, sijapata kuona ubavu uliopinda vizuri vile, mbao za mninga zimeungana kama meno ya mtoto. Tukasogea. Ndani mlikuwa na wanaume wawili waliolala kwenye maji mekundu, mume wa Butoyi na ndugu wa mumewe, kama tulivyojua baadaye, wamekatwa. Nyuma aliketi mwanamke, Butoyi mwenyewe. Panga lilikuwa limempitia kutoka sikioni hadi begani, damu imeganda kwenye nguo kama lami. Macho yake yalikuwa wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kana.

"Kitupu," Nahodha akasema.

"Mna mtu, Nahodha," nikasema.

"Naona maiti."

"Yule pale anatutazama. Ameshika kana."

Nahodha hakunitazama hata. "Mwanamke anashika mwiko. Hashiki kana. Kwa hiyo kana haijashikwa. Shabani, ingia, mtoe huyo."

Shabani aliingia, maana alikuwa ameshazoea kuingia anapoambiwa. Akavivuta vile vidole, havikutoka. Yule mwanamke akainamisha kichwa, akamng'ata mkono, akashika kama mamba. Shabani akalia. Nahodha akaudaka upondo wetu, mti ule mrefu wa kusukumia mashua kwenye maji mafupi, akaanza kumsukuma kifuani amtumbukize. Alimsukuma kwa nguvu, mara kwa mara, kama mtu anayetwanga. Mwanamke alitoa sauti moja tu, "Ubu bwato ni bwanje." Kila mtu wa Kigoma anaelewa hayo. Chombo hiki ni changu. Alisema tena, na upondo ukampiga mdomoni akiwa anasema.

Nikachukua kafi nikampiga Nahodha shingoni. Watu wanaposimulia mambo kama haya husema hawakujua walichokuwa wakifanya. Mimi nilijua. Nilipima, nikapiga. Alianguka juu ya magunia ya chumvi, akainuka na panga lake, akanikata paja. Kovu ninalo, nguo ikipanda mkaza mwana wangu huniambia babu jifunike. Nikaruka kwenye mashua ya yule mwanamke, nikamtupa Shabani nje, akaogelea akapanda kwa Nahodha huku akinitukania mama. Kamba ya kupandishia tanga ilikuwa imekatwa, nikaiunga, nikavuta. Tanga lilipojaa, kana ikasogea, na mashua ikageuza pua kwenda Mwamgongo. Hapo nikajua ya kwamba hakuwa ameshika tu. Alikuwa anaendesha.

Shindano lenyewe lilikuwa hili: kama Nahodha angefika kwanza, angesema kijana wake mwizi amemwibia chombo alichokiokota, na wazee wangekuta damu, maiti na mimi. Kama sisi tungefika kwanza, wangekuta mkono. Mashua yake ilikuwa kubwa kuliko yetu na tanga lake zima. Alitufikia mbele ya mawe, Shabani akiwa kwenye usukani, akatugonga ubavuni. Mbao zikalia. Akaudaka ukingo wa mashua yetu kwa mkono wa kulia, panga liko kushoto, mguu mmoja ameshauinua aingie, na uso wake sijapata kuuona vile hata siku za kamba. Nikavishushia kafi vile vidole. Nikapiga tena. Vilivunjika kama vijiti vya muhogo mkavu, nilivisikia. Hakuachia mpaka mara ya tatu, na mpaka leo nampa heshima yake kwa hilo. Alikuwa mtu mgumu. Ndivyo vidole vile ambavyo wajukuu wake wanadhani vilibanwa na mlango.

Mwamgongo walikuwa wameshatuona. Mkubwa wa ufuko ule alikuwa Mzee Kagoma, Muha mrefu, sauti ndogo. Aliingia majini mpaka magotini, watu nyuma yake. Nahodha naye akafika, amekumbatia mkono wake.

"Nani mwenye chombo?" Mzee Kagoma akauliza.

"Mimi," Nahodha akasema. "Nimekiokota kitupu. Mtoto huyu kaniibia, kanivunja na mkono."

"Kitupu. Na huyu?"

"Huyo ni mwanamke, Mzee."

"Mbaruku, nimeuliza mkono. Sijauliza kilichomo kwenye nguo."

Watu wakacheka, na pale palikuwa na maiti mbili. Ndivyo mwaka ule ulivyokuwa. Mtu alicheka mahali popote alipopata nafasi. Mzee Kagoma akamsemesha yule mwanamke kwa Kiha, na wao Kirundi chao hakipishani mbali, akamwambia sasa achia mama, umefika. Hakuweza. Vidole vilikuwa vimegandamana na mti kwa damu na kwa kukaza. Ikabidi wanawake walete mawese ya moto, wakamimina kidogo kidogo, wakavifungua kimoja kimoja huku wakimwimbia kama mtoto anayetolewa mwiba. Mzee Kagoma akautazama mkono wazi, akawaonyesha wote. "Nimeushuhudia," akasema. "Chombo chake." Nahodha akatema damu majini, akaenda zake na Shabani. Sisi tukazika.

Kuanzia siku hiyo mimi nikawa baharia wa Butoyi, wa kwanza ufuko huu kuamriwa na mwanamke, na sikuona ugumu wowote kwa sababu alijua kazi. Nahodha aliuogopa upepo wa mchana, Butoyi aliutumia. Alitoka mapema na ule wa asubuhi, akaenda mbali na nchi kavu kabla haujageuka, halafu ukigeuka anarudi nao mgongoni, mashua inaruka. Alihifadhiwa na mjane mmoja Katubuka, mtaa wa Kigoma, chumba cha udongo chenye kitanda cha kamba na picha ya Bikira Maria iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Nilikula huko. Alitwanga sombe, majani ya muhogo, akaikaanga kwa mawese mpaka ikang'aa, na tulikula sinia moja wakati mmoja, yeye, mjane na mimi. Mara ya kwanza nilisubiri amalize. Akanitazama akasema, "Musore," ndivyo alivyoniita, kijana, "unasubiri nani?" Nikikaa uani kabla ya chakula nilimsikia ndani akizungumza na mumewe. Hakulia. Alimweleza upepo wa siku ile, dagaa walivyokuwa, mbao ipi inavuja na tuliiziba kwa nini. Mjane alikuwa akiniambia, "Mwache. Wako kazini." Watu huniuliza, na najua na wewe unauliza, kama alikuwa mwanamke wangu. Hapana. Kitanda kile kilikuwa kimejaa.

Usidhani Nahodha alitulia. Vijana wake walinikuta ufuko wa Kibirizi nikikausha tanga. Walinipiga mpaka ubavu mmoja ukakaa vibaya, ukabaki hivyo, wakalichoma tanga mbele ya macho yangu. Butoyi alishona lingine kwa magunia na vitenge vyake viwili, tukawa tunapita Kigoma na tanga la maua. Pale bandarini wapagazi walinipigia miluzi. "Hamisi, nahodha wako leo kavaa gauni gani?" "Hamisi, ukichelewa unanyimwa nini?" Nikawa nashuka napigana, kila safari, mpaka Butoyi akanishika sikio mbele yao. "Musore, ukivunjika mkono nani atanivutia tanga? Au na wewe nikakuokote?" Wakamcheka yeye, si mimi, au wakanicheka mimi, sikujali tena. Tulikuwa tunafika Ujiji kabla ya wote, na hilo halina mluzi.

Kisha ikaja amri. Wakimbizi waondoke mpakani, wapelekwe bara, huko wakapewe mashamba. Malori yakaegeshwa Kibirizi, karibu kabisa na maji, na afisa mmoja kijana akawa anasema kwa upole kwamba kila mtu achukue anachoweza kubeba. Butoyi akamwuliza kama huko kuna ziwa. Afisa akasema kuna visima. Nahodha alikuwa ameshafika, na shoka mkono wa kushoto, na Shabani na vijana wake nyuma. Hakupiga kelele. Alisimama karibu na mashua ya Butoyi kama mtu anayesubiri zamu kisimani.

"Akiinua mguu tu kupanda lile lori," akaniambia, "kitupu. Na leo Mzee Kagoma wako hayupo."

Butoyi hakuwa mfu, lakini angekuwa mbali, na nani angebishana kwa ajili ya mkimbizi aliyeko bara? Nilishika kafi. Nilikuwa tayari kufa pale, nakwambia, na ningekufa kijinga. Butoyi akapita katikati yetu, akaingia kwenye mashua, akaketi mahali pake nyuma. Watu wakadhani amegoma. Afisa akaanza kumbembeleza. Yeye akaishika kana, akaitingisha, akaing'oa kutoka kwenye kichwa cha usukani, akaifunga ndani ya kitenge, akaiweka begani kwenye kovu lake. Akashuka. Akaja mpaka mbele ya Mbaruku, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwetu, "Kana ni hii. Mkono wangu ni huu. Ukikitaka chombo, nifuate." Kwangu alisema, "Musore, kiendeshe. Usikiuze. Usikiite chako." Akapanda lori, akakaa na ule mti mapajani, na hakugeuka, au kama aligeuka vumbi lilikuwa limeshapanda.

Nahodha akasema, "Basi zimebaki kuni," akainua shoka. Halikushuka. Shabani alikuwa amemzungushia kamba mkononi, ile ile kamba ya kwetu, imelowa. "Nahodha, chombo kina mwenyewe," Shabani akasema. "Tumeona sote. Ameondoka na mkono wake." Nahodha akamgeukia, na Shabani akampiga nayo usoni. Akampiga tena. Wale vijana wakarudi nyuma. Ufuko mzima ukasimama unatazama, mama wauza dagaa, wapagazi, yule afisa, na hakuna aliyesema acha, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameiona kana ikiondoka, na kila mmoja alijua sheria. Mimi nilikwenda nikamaliza alichoanza Shabani. Tulimwacha amekaa kwenye maji, mdomo umefunguka, anatafuta meno kwa mkono mmoja. Imamu mmoja aliwahi kuniuliza kama najuta. Nilimwambia nitakapojuta nitamwita.

Kana nyingine nilichonga kwa tawi la mpera, ikawa imelegea kidogo, nikaizoea. Shabani akawa baharia wangu mpaka alipokufa. Kwa chombo kile nilinunua cha pili, na cha tatu, na nyumba hii ninayoandikia, na sijapewa na mtu hata msumari. Butoyi sikupata habari zake tena. Siku moja alikuja karani wa bandari, kalamu sikioni, anaandika vyombo na wenyewe. Vyangu nikamtajia. Tukafika kwenye ile mashua ya mninga, mimi nimeketi nyuma nataka kuondoka, upepo wa asubuhi umeshaanza kushuka.

"Hii ya nani, Mzee?"

"Ya Butoyi."

"Yuko wapi?"

"Bara."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Sasa Mzee, mtu yuko bara tangu zamani, na wewe ndiye umeshika kana."

"Kana anayo yeye," nikamwambia. "Hii niliyoshika ni fimbo tu. Niachie kamba hiyo, nisichelewe."